Dereva haulizi salio, anauliza "napita au sipiti?"

Kuanzia mwezi wa pili mwaka huu nipo kwenye kazi moja ambayo naenda nayo mpaka kitandani, na leo nimepata nafasi nataka niandike kabla sijasahau vile vitu vidogo vidogo, maana kwenye hii kazi yetu ya kuchora apu vitu vidogo ndo kazi yenyewe.

Iko hivi. Kuna kampuni, jina naliacha, wana apu ya kulipia barabara. Gari linabandikwa stika kwenye kioo cha mbele, ukifika getini mashine inaisoma ile stika, hela inakatwa kwenye akaunti yako, geti linanyanyuka unapita, hakuna kutoa noti hakuna kusubiri chenji. Apu yenyewe ni ya kuweka hela na kuangalia umekatwa ngapi. Inatumika nchi nyingine, sio hapa, ila wana mpango wa kuja huku kwetu kwa hiyo wakataka ichorwe upya yote na iongee Kiswahili toka mwanzo, sio ije kutafsiriwa mwishoni kama wengi wanavyofanya. Wakatafuta dizaina wa Dar, nikapata.

Nilifurahi sana kwa sababu mi nakaa Kibada, Kigamboni, na kila siku ya kazi navuka Daraja la Nyerere kwenda mjini na kurudi, zile mita 680 nazijua kama sebule yangu. Lilipofunguliwa April 2016 maisha ya watu wa Kigamboni yalibadilika, kabla ya hapo ilikuwa pantoni pale Magogoni au uzunguke Kongowe ufike Posta umeshachoka hata kazi hujaanza. Kwa hiyo kulipa ili upite ni kitu ambacho mtu wa Kigamboni anaishi nacho, hata asiye na gari anajua maana nauli yake ndo inatoka humo humo. Nikajiambia watu wa kunifundisha hii kazi ninao mtaani kwangu.

Nianze na ile apu ya zamani. Ukiifungua inakuomba paswedi, sio namba ya siri ya tarakimu nne, paswedi kabisa ya herufi kubwa na ndogo na alama. Ukishaingia juu kuna tangazo linalotembea, chini yake jina lako na neno la kukukaribisha, halafu salio kwa maandishi ya wastani ya kijivu, halafu vitufe sita vyenye picha, kimoja cha bima, kimoja cha kununua stika, kimoja cha kualika rafiki, kulipa kenyewe kapo ka tano. Nilihesabu miguso ya kidole kutoka kufungua mpaka hela kuingia, ni mara kumi na moja kama hujakosea. Na hii ni apu ambayo mtu anaifungua akiwa na haraka, amepaki pembeni, nyuma kuna lori linapiga honi.

Nikaprinti picha za kurasa zake kwenye karatasi ngumu, size ya simu, nikaenda kijiweni kwa madereva wa bajaji pale Kibada. Siku ya kwanza hawakunielewa, walidhani nauza kitu. Siku ya pili nikaenda na soda, tukakaa. Kuna kijana mmoja nilimpa karatasi ya ukurasa wa mwanzo, nimeandika salio 1,900, nikamuuliza unaona nini hapo kaka. Akaangalia. Akaigeuza kidogo kukwepa jua. Akasema, "Dada, kwa hiyo hapa napita au sipiti?"

Sikuwa na jibu, na apu haikuwa na jibu pia. Ili ajue kama anapita inabidi ajue bei ya geti lile, kwa aina ya chombo chake, kwa saa ile, halafu apige hesabu. Sasa mtu anayeendesha bajaji toka alfajiri hesabu anazo kichwani za kutosha, ana hesabu ya tajiri mwenye bajaji, ana mafuta, ana trafiki, tunamwongezea na ya kwetu ya nini? Mashine si ndo inajua kila kitu? Stika inajua chombo, kompyuta inajua bei, akaunti inajua salio, kitu pekee kilichokosekana ni mtu wa kuziweka hizo tatu pamoja na kumwambia dereva jibu.

Hapo ndo kazi nzima iligeuka. Nilirudi nyumbani nikafuta nilichokuwa nimechora wiki mbili, nikaanza na ukurasa mweupe wenye sentensi moja kubwa katikati, "Unapita mara 3". Basi. Salio kwa shilingi lipo, ila dogo, chini, kwa anayelitaka. Nilipompelekea yule kijana karatasi mpya hata hakunipa maoni, alisoma akanirudishia akaendelea na stori na wenzake, na kwenye kazi yangu hiyo ndo sifa kubwa kuliko zote, mtu akielewa hana cha kusema.

Lakini ile namba 3 si rahisi kama inavyoonekana, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo palinikula muda.

Bei ya kupita sio moja kila mahali na kila saa. Chukua Dubai, wengi mmefika kule au mna ndugu kule, wana mfumo wao unaitwa Salik toka 2007, hakuna geti la kunyanyuka kabisa, unapita tu chini ya mlingoti mashine inasoma stika. Miaka yote ilikuwa dirham 4 ukipita, ukiwa na 40 unajua unapita mara kumi, mtoto wa shule anahesabu. Mwishoni mwa Januari 2025 wakabadilisha, saa za foleni asubuhi na jioni ni dirham 6, saa nyingine 4, na usiku kuanzia saa 7 mpaka saa 12 asubuhi ni bure. Kwa mfumo kama huo ukiniuliza unapita mara ngapi kwa dirham 24 jibu ni mara 4 au mara 6, inategemea utapita saa ngapi. Kampuni yetu nao wana bei za saa za foleni. Developa wa kule akapendekeza tuandike wastani. Nikakataa kabisa, wastani ni uongo wa heshima, mtu ataambiwa anapita mara 5 atakwama ya tano saa 2 asubuhi akiwa na abiria. Tukapiga hesabu kwa bei ya juu na neno tukabadilisha likawa "Unapita angalau mara 4". Neno angalau nililijaribu kwa watu kama kumi na tano hivi, wote walilielewa sawa, kwamba inaweza kuzidi lakini haipungui. Ni neno zuri sana lile, limebeba ahadi ndani yake.

Na hapo hapo kwenye saa tukakutana na kitu ambacho mgeni asingekiona. Kwenye orodha ya bei apu ya zamani imeandika 06:00 mpaka 10:00 bei ya juu. Simu zetu zote zinaonyesha hivyo na sote tunabadilisha kichwani bila kufikiri, ukiona 7:42 unasema saa 1 na dakika 42. Ila mtafsiri wa kwanza waliyemtumia kabla yangu aliandika "saa 6 hadi saa 10". Yaani dereva wa Dar akisoma hapo anaelewa kwamba bei ya juu inaanza mchana jua la utosi mpaka alasiri! Angepita saa 1 asubuhi kwa amani zote akijua ni bei ya chini, akakatwa ya juu, na angewaita wezi na angekuwa na haki. Tumeandika "saa 12 asubuhi hadi saa 4 asubuhi", kwa maneno, na hakuna sehemu hata moja kwenye apu yenye saa isiyo na asubuhi, mchana, jioni au usiku pembeni yake.

Halafu kuna suala la geti kutojua. Hili ndo lilikuwa linaongoza kwenye malalamiko niliyopewa nisome, nilisoma ya miezi mitatu na yalianza kunitia huruma. Mtu ameona salio limeisha, amepaki, ameweka hela, kapata meseji ya muamala kwamba imekubali, kasogea getini, geti limegoma. Karudi nyuma mita kumi, kasogea tena, limegoma. Nyuma yake foleni. Anapiga simu huduma kwa wateja anaambiwa asubiri. Kwake yeye ameibiwa, hana maelezo mengine.

Ukweli ni kwamba geti halipigi simu makao makuu kila gari likifika, lingefanya hivyo foleni ingefika mbali, na intaneti ikikatika barabara nzima ingesimama. Kwa hiyo kila geti lina orodha yake limehifadhi pale pale, hawa wapite hawa wasipite, na orodha inabadilishwa kila baada ya muda fulani. Ukiweka hela leo saa 3 kasoro dakika moja na orodha imebadilishwa saa 3 kasoro dakika mbili, geti bado linakujua kama mtu asiye na hela mpaka orodha nyingine ije. Sio wizi, ni mpangilio. India nao, wana stika yao ya FASTag ambayo ilikuwa lazima kwa magari kuanzia Februari 2021, wamehangaika na hilo hilo la stika kufungiwa na kufunguliwa mpaka wakaliwekea kanuni zake.

Mhandisi wao aliponielezea hivi niliona ni jambo la kueleweka kabisa, sasa kwa nini aelewe mhandisi tu na mwenye hela asiambiwe? Apu ya zamani ukiweka hela inatoa tiki kubwa ya kijani na maneno ya pongezi, mtu akiona kijani anaondoka. Nikachora upya, hela ikiingia rangi ni ya njano na imeandikwa "Hela imefika. Geti bado halijapata taarifa, subiri hapo hapo", na chini kuna muda unapungua, orodha ikifika ndo inakuwa kijani na simu inatetemeka na inaandika "Sasa unapita". Watu wa biashara hawakupenda. Walisema tunamwonyesha mteja udhaifu wetu. Nilibishana nao wiki nzima kwa simu, nikawaambia udhaifu mteja anauona tayari, anauona getini mbele ya watu, sisi tunachochagua ni aone akiwa amepaki kivulini au aone akiwa anapigiwa honi. Mwishowe wakakubali kujaribu kwenye geti moja. Nimeshikilia hilo kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii.

Sasa niwaambie habari ya tajiri na deiwaka, yaani dereva wa kushikiza.

Apu karibu zote za aina hii zinaamini kwamba mwenye gari, mwenye simu, mwenye hela na mwenye kuendesha ni mtu mmoja. Kule zilikotengenezwa inawezekana. Hapa Dar bajaji ni ya tajiri, amemkabidhi dereva kwa hesabu ya siku, dereva akichoka au akiwa na msiba anampa deiwaka apige nusu siku, na hela ya kupita analipa nani inategemea walivyopatana. Daladala ndo usiseme, kuna tajiri, dereva, konda, na anayeshika hela barabarani ni konda. Kirikuu ya kubebea mzigo hivyo hivyo.

Kuna mama mmoja jirani yangu ana kirikuu mbili, zinabeba soda na maji kutoka mjini kuja maduka ya Kigamboni. Nilimuuliza shikamoo mama, ukiwa na apu kama hii utampa dereva wako? Akacheka, akasema, "Mwanangu, nikimpa na namba ya siri si atanunulia na rafiki zake?" Halafu akafikiri akasema lakini asipokuwa nayo atanipigia kila akifika darajani, na mi niko kanisani au niko sokoni. Yaani anataka dereva aone bila kugusa. Aone kama gari linapita, asiweze kutoa hela. Na kama dereva ameweka hela yake mwenyewe kwa dharura, ionekane ameweka nani na lini, ili jioni kwenye hesabu kusiwe na maneno.

Kwa hiyo tukaondoa kabisa wazo la mtu kuwa mwanzo wa kila kitu. Kwenye apu mpya unachokiona kwanza ni chombo. Chombo kina salio lake, na watu wanaungwa kwenye chombo, mwingine anaweka hela na kuona kila kitu, mwingine anaona tu kama anapita. Deiwaka anaungwa kwa siku moja, kesho asubuhi apu inamtoa yenyewe bila tajiri kukumbuka kumfuta. Na mtu yeyote, hata asiye na apu, hata abiria, anaweza kuliwekea hela gari kwa kuijua namba yake ya gari tu. Hili la mwisho lilileta ubishi wa usalama, lakini fikiria, nani ataiba kwa kukulipia?

Na hicho chombo tunakionyesha kwa kuchora pleti namba yake. Nilikuwa nimeweka kapicha ka gari kwanza, kila gari kapicha, mama akaangalia kirikuu zake mbili zikiwa na picha inayofanana akauliza ipi ni ipi. Nikachora pleti kama ilivyo, njano kwa gari la mtu binafsi, nyeupe kwa la biashara, herufi nyeusi, T halafu tarakimu tatu halafu herufi tatu, na pikipiki inaanza na MC. Alivyoona tu akaweka kidole, "Hii ndo ya Mbagala, ile ya Kibada." Watu wanajua namba ya gari lao kwa sura kabla hawajaisoma. Na kwenye kuandika tumeacha mtu aandike anavyotaka, aweke nafasi asiweke, herufi kubwa ndogo, apu ipange yenyewe, na akiandika herufi O kwenye sehemu ya tarakimu apu ijue anamaanisha sifuri. Ile ya zamani ilikuwa inakataa na maandishi mekundu bila kusema kosa ni nini.

Maneno nayo. Kwenye hati ya kazi wameandika tozo kila mahali, na kwenye kamusi hawajakosea. Lakini sisi hapa neno tozo lina historia yake, ilipoanza tozo ya miamala ya simu Julai 2021 kelele zilikuwa kila kona mpaka serikali ikaipunguza Septemba ile ile, na toka siku hiyo neno tozo ukimtajia mtu anakaza uso kabla hujamaliza sentensi. Nilifanya jaribio dogo, karatasi mbili zinafanana kila kitu, moja imeandikwa "Tozo iliyokatwa", nyingine "Hela ya kupita". Waliopewa ya kwanza waliuliza mbona tunakatwa, waliopewa ya pili waliuliza geti gani hilo. Swali la pili ndo nalitaka mimi, maana linajibika. Kijiweni wao wanasema "hela ya daraja" kwa hiyo sikuvumbua kitu, nimewaazima lugha yao. Kuna mzee mmoja wa kampuni alisema hela sio neno la ofisi, tuandike fedha au malipo. Nikamwambia baba kwa heshima zote, anayesoma hayupo ofisini.

Vifaa nipite haraka maana haya wengi mnayajua. Simu nyingi nilizokutana nazo kijiweni kioo kimepasuka, nafasi imejaa video za WhatsApp, na bando ni la siku likiisha limeisha. Apu ya zamani ilikuwa nzito kwa sababu ya zile picha za matangazo, tumeyatoa yote, na ukurasa wa kwanza unafunguka hata bila intaneti ukionyesha hali ya mara ya mwisho na saa iliyochukuliwa. Maandishi ya kijivu yamekufa, jua la saa 7 mchana halisomi kijivu, sasa ni nyeusi kwenye nyeupe na kubwa. Kitufe cha kuweka hela kipo chini pale kidole gumba kinapofika. Na kuweka hela ni kuchagua mara ngapi unataka kupita, 5, 10, 20, halafu ile ya kuandika namba ya siri inakuja yenyewe kwenye simu kama unavyolipa vitu vingine kwa M-Pesa au Airtel Money, hakuna kunakili namba ya kumbukumbu ndefu kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Miguso kumi na moja imekuwa mitatu pamoja na hiyo ya namba ya siri.

Tumeweka pia meseji ya kawaida baada ya kupita, sio notifikesheni, meseji, kwa sababu inafika hata bando likiwa limeisha, na inakaa pale jioni ya hesabu. Inasema chombo gani kimepita geti gani saa ngapi kimekatwa ngapi na kimebakiza mara ngapi. Apu yenyewe haitoi mlio ikiwa gari linatembea, hilo nilisisitiza, sitaki mtu ainamie simu akiwa kwenye usukani kwa sababu ya kitu nilichochora mimi.

Kuna kitu kimoja tulishindana na sikushinda. Nilitaka kuwe na kupita kwa deni mara moja, yaani ukifika getini huna hela geti likufungulie, liandike deni, ulipe ndani ya siku chache. Kwa dereva mwenye mgonjwa nyuma hiyo ni tofauti kubwa. Walinijibu kwa mfano wa Gauteng kule Afrika Kusini, barabara za kulipia bila geti zilianza Desemba 2013, unapita kwanza bili inakuja baadaye, watu wengi wakagoma kulipa kwa miaka na miaka, madeni yakawa milima, na Aprili 2024 mfumo ukazimwa. Naelewa woga wao. Ila mi nausoma ule mfano tofauti kidogo, watu wa Gauteng hawakugoma kwa sababu waliruhusiwa kupita kwanza, waligoma kwa sababu hawakukubaliana na kulipia barabara zile toka mwanzo, vyama vya wafanyakazi na wananchi wakaingia mitaani kabla hata mashine hazijawashwa. Hakuna apu nzuri inayoweza kumfanya mtu alipe kitu anachoona sio haki, na hilo wanaopanga barabara za kulipia hapa kwetu, kama hiyo ya haraka ya Kibaha hadi Chalinze inayosemwa, walikumbuke mapema, wananchi waelezwe wanalipia nini na barabara ya bure itabaki ipi, ndo sisi wachoraji tuitwe. Wakitanguliza apu watakuwa wanatuonea.

Deni mara moja halikupita, ila tumepata kitu cha katikati. Ukibakiza mara 2 apu na meseji zinakwambia wewe na tajiri kwa pamoja, na tajiri akijibu ile meseji kwa tarakimu moja tu inaongeza mara 5. Mama wa kirikuu nilimjaribisha wiki iliyopita tukiwa kwenye baraza lake, simu yake ndogo ya batani, nikamtumia meseji ya majaribio. Aliisoma kwa sauti, polepole, "Gari lako T... limebakiza kupita mara mbili. Ukitaka liongezwe mara tano jibu 1." Akabonyeza 1. Kimya kidogo. Ikarudi ya kuthibitisha, akaiangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea halafu akaniuliza, "Na nikijibu 1 kwa bahati mbaya mara mbili?"

Nilikuwa sijaifikiria. Akijibu mara mbili anaongezewa mara 10, hela inatoka mara mbili. Nimetoka pale nimeandika kwenye daftari, jana nimeongea na developa, jibu la pili ndani ya nusu saa halitakata hela, litauliza kwanza. Kesho asubuhi narudi kwa mama na karatasi mpya kabla hajaenda sokoni.